Ng'ombe ana herufi ngapi?

Likizo iliyopita, mpwa wangu hapa Kihoto, Naivasha, aliketi nami mbele ya tarakilishi kuunda programu yake ya kwanza: mchezo wa kubahatisha neno. Kanuni zake ni nyepesi. Mashine huficha neno na kuchora kistari kwa kila herufi, nawe hutaja herufi moja moja. Ukipata, herufi hufichuliwa; ukikosa, unapoteza nafasi moja kati ya sita.

Alificha "ng'ombe". Vikatokea vistari saba. Nikaandika ng'. Mashine ikakataa: weka herufi moja tu!

"Mjomba, hiki Kiswahili kinasumbua," akasema. "Wacha niweke maneno ya Kizungu."

Nilimzuia. Mashine ilikuwa imehesabu n, g, ritifaa, o, m, b na e. Kwa msemaji, ng' ni sauti moja. Kosa si la Kiswahili. Tahajia ni mapatano ya watu, na mapatano hayo yana historia.

Kabla ya wamisionari, washairi wa pwani waliandika kwa hati za Kiarabu. Kwa desturi, alama moja ilibeba i na e, nyingine u na o. Msomaji alitambua neno kwa muktadha; kusoma kwenyewe kulikuwa na kubahatisha ndani yake. Tena hawakupima mshororo kwa herufi. Walihesabu mizani, yaani silabi: nane katika mshororo wa utenzi.

Kisha zikaja hati za Kirumi, na kila mmoja na zake. Edward Steere alipochapisha kitabu chake cha sarufi mwaka 1870, jina la lugha kwenye anwani lilikuwa "Swahili". Kamusi ya Ludwig Krapf ya mwaka 1882 iliandika "Suahili". Herufi ni saba kotekote, lakini mchezaji anayetaja w atashinda kwa Steere na kuangukia pua kwa Krapf!

Kongamano la Mombasa la 1928 ndilo lililochagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Kamati ya lugha iliyoanza kazi 1930, ikihudumia Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar, ikapewa jukumu la kusawazisha tahajia. Basi kama watu waliketi wakaamua, kwa nini mtoto wa Kihoto asiamue jinsi mashine yake itakavyohesabu?

Tukabadilisha programu. Badala ya kuliacha neno lijigawe herufi kwa herufi, tulilihifadhi kama orodha ya silabi: ng'o, mbe. Vistari vikawa viwili. Mchezo ukawa mgumu kupindukia, kwa sababu silabi ni nyingi kuliko herufi. Tukaongeza nafasi hadi kumi, na kidokezo kinachotegwa kama kitendawili.

Mpwa wangu akaficha neno la silabi tatu. Kidokezo: "Sisi twalala ndani yake, hakimu hulitafuta mahakamani." Nikajaribu, nikajaribu, nafasi zote kumi zikaisha. Ikabidi nimpe mji.

Ki-ho-to. Kwa Kikuyu, ni haki, au hoja isiyopingika.

Kijana hajazungumzia tena maneno ya Kizungu.