Mtego wa Mafuta: Istilahi na Miamba ya Kajiado

Aliyewahi kuchimbiwa kisima Kitengela, Kajiado, anajua kwamba chini hakuna ziwa. Mtambo hukata lava ngumu saa baada ya saa, ukirusha vumbi la kijivu, na maji yakipatikana hutoka kwenye nyufa au kwenye tabaka laini lililofunikwa kati ya lava moja na nyingine. Mafuta ghafi na gesi nayo hukaa ndani ya mwamba wenyewe, katika vitundu visivyoonekana kwa macho. Ndiyo maana siafiki watu wanaposema "bwawa la mafuta". Istilahi ninayoitetea ni mtego wa mafuta.

Mtego ni mpangilio wa miamba. Chini pana mwamba hifadhi, mara nyingi jiwe la mchanga lenye vitundu vilivyoungana. Juu yake pana mwamba kizibo, kwa mfano udongo wa mfinyanzi ulioshindiliwa au chumvi, usiopitisha kitu. Kisha tabaka hizo ziwe zimekunjika au zimekatwa na ufa, ili mafuta yasipate pa kuponyokea kando. Wapo wanaolikataa neno hili kwa kuwa mtego hutegwa na mtu, na hapa hakuna mtegaji. Pingamizi hilo lina haki yake. Lakini mtego hutangulia windo, na jiolojia inataka hivyo hivyo: mkunjo ukitokea baada ya mafuta kupita, hubaki mtupu hata ukiwa na umbo zuri namna gani. "Bwawa" halisemi hayo, wala "tangi".

Windo lenyewe huzaliwa mbali na mtego, katika mwamba mama. Mwani na viumbe wengine wadogo hufa, huzama kwenye matope yasiyo na oksijeni, hufukiwa na tabaka nyingine kwa mamilioni ya miaka. Joto likifika nyuzi 60 hivi za Selsiasi mafuta huanza kutengenezwa. Likivuka 120 gesi ndiyo hutawala. Kwa kawaida hayo hutokea kilomita mbili hadi nne chini. Mafuta husukumwa nje ya mwamba mama na kuanza kuhama. Vitundu vya miamba ya jirani vimejaa maji, na kwa kuwa mafuta ni mepesi kuliko maji, hupanda polepole yakifuata jiwe la mchanga na nyufa. Yasipokutana na kizibo hufika juu ya ardhi. Mwaka 1925 E. J. Wayland, mwanajiolojia wa serikali ya Uganda, alichapisha taarifa kuhusu mafuta yaliyokuwa yakichuruzika kando ya Ziwa Albert. Mitego yenyewe, iliyokuwa imezibwa vizuri, ilithibitishwa kwa visima mwaka 2006.

Kenya ilipata mtego wake Machi 2012, kisima cha Ngamia-1 kilipokuta mafuta katika bonde la Lokichar, Turkana. Mwamba mama wa huko ni matope ya ziwa la kale, na mwani wake umeyafanya mafuta yawe na nta nyingi: yakipoa huganda. Yaliposafirishwa kwa malori hadi Mombasa kuanzia 2018, yalibebwa katika matangi ya kuyatunzia joto.

Kwa nini si Kajiado? Okota kipande cha marumaru kwenye machimbo yaliyo karibu na mji wa Kajiado, ukivunje. Ndani utaona chembe zinazometa kama sukari, zimeshikana kabisa. Tone la maji huteleza juu yake, halinyweki. Marumaru hiyo ilikuwa chokaa ya baharini. Zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita, mabara yalipogongana, ilizamishwa na kupikwa kwa joto lililozidi nyuzi 500. Katika joto hilo mafuta na gesi havidumu. Kama palikuwa na mabaki ya uhai, kilichosalia ni kaboni tupu, kama ile ya grafiti ya Taita. Na lava inayofunika uwanda wa Kitengela ilitoka ikiwa moto, haikuwahi kuwa matope ya kuzalia mafuta.

Ziwa Magadi, lililo Kajiado pia, ni kinyume chake, na ndipo panaponivutia zaidi. Mwani upo, matope yapo, na ziwa limekaa ndani ya Bonde la Ufa sawa na lile la kale la Lokichar. Mwaka 2014 watafiti waliochimba humo ili kusoma historia ya hali ya hewa walifika mwamba wa volkano baada ya mita 194 tu, na mashapo yote hayo ni ya miaka milioni moja hivi. Kina hicho ni kama sehemu ya kumi ya kinachohitajika. Nyufa za kuunda mtego zimejaa kila upande wa ziwa, zimekata ardhi ngazi kwa ngazi hadi kwenye kuta za bonde. Mwamba mama ndio bado haujaiva.