Nyika ya Maungu na Elimu ya Kuhesabu

Kabla ya reli, msafara uliotoka Mombasa kwenda bara ulikuwa na swali moja zito ukifika Taru: je, Maungu kuna maji? Kutoka kwenye mashimo ya mawe ya Taru hadi mlima Maungu hapakuwa na mto, wala kisima cha kutegemewa, ila vichaka vya miiba na udongo mwekundu. Na maji ya Maungu yenyewe yalikuwa ya mvua, yaliyotuama kwenye mwamba juu mlimani. Mvua ikichelewa, yalikauka. Msafiri Mskoti Joseph Thomson alipopita njia hiyo mwaka 1883 akielekea Umasaini, ilibidi wapagazi waliochoka wapande mlima kuyatafuta.

Kiongozi wa msafara alipima kwa alichokuwa nacho. Mvua ya mwisho ilinyesha lini? Ni misafara mingapi imetangulia na kuyachota? Safari zilizopita, katika mwezi kama huu, maji yalipatikana mara ngapi? Hakuwa na hakika, na hata hivyo alilazimika kuamua huku uhai wa mamia ya watu ukiwa mikononi mwake. Shuleni leo jambo hilo huitwa uwezekano, na mwanafunzi wa Kenya hulikuta kwa mara ya kwanza katika sarafu inayorushwa juu na dadu lenye nyuso sita.

Maungu ya sasa ni mji wa barabarani, kama kilomita 30 kutoka Voi ukishika njia ya Mombasa. Malori husimama hapo usiku na mchana. Upande mmoja kuna Mbuga ya Tsavo Mashariki, upande wa pili ranchi za Rukinga na nyinginezo hadi mlima Kasigau. Ni vigumu kutaja eneo lingine la Kenya ambalo kwa zaidi ya karne moja limehesabiwa na kubishaniwa namba zake kama hili.

Ubishi wa kwanza mkubwa ulihusu wafu. Mwaka 1898 simba wawili waliwashambulia wajenzi wa daraja la reli kwenye mto Tsavo, hadi mhandisi John Henry Patterson alipowaua mwezi Desemba. Waliliwa watu wangapi? Katika kitabu chake cha mwaka 1907 Patterson alitaja Wahindi 28, akaongeza kwamba Waafrika wengi nao waliuawa ila hawakuandikwa katika kumbukumbu rasmi. Miaka ya 1920, baada ya ngozi za simba hao kununuliwa na jumba la makumbusho la Field mjini Chicago, hesabu yake ilikuwa imepanda hadi 135.

Mwaka 2009 watafiti walirudi kwenye ngozi na mifupa ya simba hao. Chakula huacha alama za kikemia katika nywele na mifupa ya anayekila, na kwa kulinganisha alama hizo na zile za wanyama wa nyika na za mabaki ya Wataita wa zamani, walikadiria watu 35. Hawakuishia hapo. Walisema pia kwamba ukweli ungeweza kuwa watu 4 au hata 72. Msomaji aliyezoea majibu ya mwisho wa kitabu cha hesabu huenda akaona ni udhaifu kutaja masafa mapana namna hiyo. Kinyume chake, hapo ndipo takwimu inapokuwa elimu: 135 ya Patterson haina maelezo ya ilivyopatikana, ilhali 35 ya watafiti imekuja na mipaka yake. Ile 28 nayo ina kasoro nzito kuliko zote, kwa kuwa ilihesabu kundi moja la wafanyakazi na kuwaacha wenyeji wa nchi nje ya daftari.

Baada ya watu ikaja zamu ya ndovu. Tsavo ilitangazwa kuwa mbuga ya taifa mwaka 1948, na David Sheldrick akawa msimamizi wa upande wa mashariki hadi mwaka 1976. Ndege ndogo zilipoanza kutumika kuhesabu katika miaka ya 1960, ilibainika kuwa ndovu walikuwa wengi kuliko ilivyodhaniwa. Kufikia mwisho wa muongo huo, mbuga na nchi inayoizunguka zilikadiriwa kuwa na ndovu wapatao 35,000. Walikuwa wakiangusha miti na kugeuza pori kuwa nyasi, na hofu ikaenea kwamba wangeimaliza nyika, kisha wamalizike wao.

Mwaka 1966 ndovu 300 walipigwa risasi kwa ajili ya utafiti: umri wao, mimba zao, hali ya miili yao. Mwaka uliofuata mwanabiolojia Mwingereza Richard Laws alianza kuongoza mradi wa utafiti wa Tsavo. Kwa hesabu yake, ndovu hao hawakuwa jamii moja bali makundi kama kumi, kila moja na eneo lake. Kwa hiyo, alisema, wale 300 wa kundi moja hawawezi kusemea mengine. Wauawe wengine 300 katika kila kundi lililobaki, jumla 2,700. Sheldrick alikataa. Aliamini nyika ina mizunguko yake ya ukame na mvua, na kwamba ingejirekebisha. Mwaka 1968 Laws akaondoka.

Kisa hiki husimuliwa mara nyingi kama ugomvi wa watu wawili wenye vichwa vigumu. Lakini ndani yake mna swali ambalo mwalimu wa takwimu angelitengea wiki nzima: sampuli iliyochukuliwa mahali pamoja inaruhusu kusema nini kuhusu mahali pengine? Kwa hoja ya sampuli, Laws alikuwa sahihi. Sheldrick naye alikuwa akiuliza kama elimu hiyo inastahili gharama ya damu, na hilo haliwezi kujibiwa kwa kukokotoa.

Ukame ukaja. Mwaka 1970 na 1971 ndovu wapatao 6,000 walikufa, kwa makadirio ya Timothy Corfield aliyechunguza vifo hivyo. Vifo havikugawanyika sawasawa. Majike na ndama wasioweza kwenda mbali na maji walimaliza malisho ya karibu na mito, wakafa kwa njaa huku maji yakiwapo. Wastani wa mvua ya Voi ni karibu milimita 550 kwa mwaka, namba isiyotisha hata kidogo. Ila hakuna ndovu aliyewahi kuishi katika mwaka wa wastani. Kinachoua nyikani ni jinsi mwaka mmoja unavyoachana na mwingine, na kipimo cha kuachana huko ndicho mwanafunzi hukutana nacho kidato cha nne, kwa kawaida kwenye jedwali la alama za mtihani.

Majangili walimaliza kilichoanzwa na ukame. Sensa ya mwaka 1988 ilikuta ndovu wapatao 5,400 tu.

Tangu hapo ndovu wa Tsavo wamekuwa wakihesabiwa tena na tena, mara nyingi baada ya kila miaka mitatu. Eneo lote hugawanywa katika vipande. Kila rubani hupewa kipande chake na kukipita mstari baada ya mstari, watazamaji wakihesabu, wakipiga picha za makundi makubwa na kuandika hata mizoga. Mwaka 2011 walihesabiwa 12,573. Mwaka 2014 wakawa 11,076. Mwaka 2017 wakapanda hadi 12,866, na katika sensa ya kitaifa ya mwaka 2021 wakafika 14,964.

Upungufu wa mwaka 2014 ni ndovu 1,497, karibu asilimia 12. Ujangili ulikuwa umepamba moto: mwezi Mei mwaka huo huo Satao, dume lililojulikana kwa pembe zake ndefu, liliuawa kwa mshale wa sumu. Lakini mwanafunzi makini anapaswa kuuliza maswali mengine pia. Je, mizoga iliyoonekana inatosha kueleza upungufu huo? Wangapi walivuka mpaka au walisimama chini ya miti macho ya mtazamaji yasipofika? Hesabu ya angani huelekea kupunguza kuliko kuzidisha, maana ni rahisi kumkosa ndovu aliyepo kuliko kumwona asiyekuwapo. Hilo ni kosa lenye mwelekeo, na halifutiki hata ndege zikiongezwa. Kosa la aina nyingine, la sampuli, lina kipimo chake: mtakwimu G. M. Jolly alieleza mwaka 1969, katika jarida la kilimo na misitu la Afrika Mashariki, namna ya kukadiria idadi ya wanyama kwa sampuli na kupima mipaka ya kosa lake. Yaani elimu hii iliandikwa hapa hapa kwetu.

Madarasani mambo yalikwenda njia nyingine. Kuanzia mwaka 1962 warsha za Entebbe, zilizofadhiliwa kutoka Marekani, zilitunga vitabu vya hisabati mpya kwa shule za Afrika, na miaka ya 1980 ilipoanza, Kenya iliiacha hisabati hiyo. Mfumo wa 8-4-4 ulioanza mwaka 1985 ulipanga takwimu kidato cha pili, uwezekano kidato cha tatu, na takwimu tena kidato cha nne. Shabaha zake zilikuwa wazi: mwanafunzi apange data katika jedwali, achore histogramu, atafute wastani, kati na modi, achore mchoro-mti wa matukio. Ni stadi za maana. Lakini data ilikuja imekwisha kuvunwa. Mwanafunzi wa Voi aliweza kupata alama zote bila kuulizwa namba zilitoka wapi, ni nani aliyeachwa nje, na zingebadilika kiasi gani kama zingekusanywa tena kesho.

Maungu kwenyewe, kazi hiyo ya kukusanya imekuwa ajira. Kampuni ya Wildlife Works iliingia Rukinga mwishoni mwa miaka ya 1990, na mwaka 2011 mradi wake wa Kasigau ukawa wa kwanza duniani wa kulinda misitu kutoa hati za kaboni chini ya kanuni za VCS (Verified Carbon Standard). Haiwezekani kupima kila mti katika maelfu ya hekta. Vijana wa eneo hili huenda kwenye viunga vilivyoteuliwa, hufunga utepe kwenye mashina, huandika unene na aina ya mti, kisha milinganyo hukadiria kaboni ya msitu mzima. Mipaka ya kosa ikiwa mipana mno, kanuni hupunguza kiasi kinachoruhusiwa kuuzwa. Kutokuwa na hakika kunapewa bei, kwa dola. Sehemu ya mapato hayo imelipa karo za wanafunzi wa eneo hilo.

Namba ngumu zaidi katika biashara hii haipo msituni: miti mingapi ingekatwa kama mradi usingekuwapo? Haiwezi kupimwa kwa utepe, hukadiriwa kwa kutazama yaliyotokea kwingine, na duniani kote ndiyo inayobishaniwa zaidi. Mtoto wa Maungu ana haki ya kuielewa kuliko mtu yeyote, kwa kuwa ni nchi yake inayozungumziwa.

Gredi ya 10 ya kwanza ya mtaala wa umilisi, unaochukua nafasi ya 8-4-4, iliingia shule za upili za juu Januari 2026. Hisabati ipo kwa kila mwanafunzi, ya kina au ya msingi, na takwimu na uwezekano vimo. Mwalimu wa Voi au Maungu hahitaji kungoja kitabu kipya. Anaweza kuandika ubaoni 12,573 na 11,076, aligawe darasa katika makundi mawili, na kulitaka kundi moja litetee kwamba ndovu walipungua kweli, na jingine kwamba huenda hawakuonekana tu; halafu ayaulize makundi yote mawili ni data gani ingeyafanya yabadili msimamo.