Mpira Udundao: Kutoka Whirlwind Hadi Homa Bay

Karibu na mwaka 1950, Charles Adams, mmoja wa wataalamu wa kompyuta ya Whirlwind katika chuo cha MIT huko Marekani, aliiamuru mashine hiyo, ambayo asili yake ilikusudiwa kuwahudumia wanajeshi wa majini, ioneshe juu ya kioo chake nukta ya nuru ikianguka, ikidunda, na kupanda tena kwa kimo kilichopungua, hata mwishowe ikitumbukia katika tundu la sakafu.

Kanuni yake ni nyepesi, nayo yastahiki kuelezwa kwa utulivu: kila picha inapochorwa upya, kasi ya mpira huongezewa sehemu ndogo ya mvuto wa ardhi, na mahali pake husogezwa kwa kadiri ya kasi hiyo; ugusapo sakafu, mwelekeo hugeuzwa na kasi huzidishwa kwa tarakimu iliyo chini ya moja, tuseme 0.8, hata kila mdundo ufikie asilimia 64 tu ya kimo cha uliotangulia.

Huko Homa Bay, mji wa Kenya kando ya Ziwa Viktoria, elimu hii ya kompyuta iliwasili taratibu. Somo la kompyuta liliingia katika sekondari za Kenya miaka ya tisini. Mwaka 2016 serikali ilianza kugawa vishikwambi katika shule za msingi, na mwaka huohuo mji ukapata chuo kikuu kishiriki kilichopewa jina la marhumu Tom Mboya, kikajitegemea mwaka 2022.

Linalonishughulisha zaidi ni tarakimu ya mvuto iandikwayo katika programu ya mpira huo. Vitabu vingi huandika 9.81, ambayo ni halali kwa Ulaya. Walakini Mfaransa Jean Richer, alipofika Cayenne, karibu na ikweta, mwaka 1672, aliiona saa yake ya pendulamu ikichelewa takriban dakika mbili na nusu kila siku, naye Newton baadaye akabainisha kwamba dunia imefura kiunoni na mvuto hupungua huko. Homa Bay, iliyo kusini mwa ikweta kwa takriban nusu nyuzi, na zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari, mvuto wake ni kama 9.78. Jicho halitambui tofauti hiyo kiooni, lakini mwanafunzi wa pwani ya Ziwa Viktoria ana haki ya kuandika tarakimu ya ardhi aikanyagayo.

Hata tarakimu ya mdundo yapatikana uwanjani: mpira wa makaratasi uliofungwa kwa kamba huangushwa kutoka mita moja; ukirudi sentimita 25, kipeuo cha pili cha 0.25 ni 0.5, nayo ndiyo iandikwayo katika programu.