Mganga wa Kijijini na Ujenzi wa Taifa

Neno kuganga lina maana pana katika lugha yetu. Mfupa uliovunjika hugangwa; mlingoti uliopasuka nao hugangwa. Hapana budi tuikumbuke maana hiyo tunapoitazama historia ya watumishi wa afya nchini mwetu, kwani uhuru ulipopatikana mwaka 1961, kilichohitaji kugangwa kilikuwa pia uhusiano kati ya tiba na wananchi.

Tanganyika ilirithi madaktari wazalendo 12 tu, ilhali hesabu ya watu ya mwaka 1957 ilikwisha kuonyesha wakazi zaidi ya milioni 8. Upungufu huo haukuwa kudra. Kwa muda mrefu kijana aliyetaka udaktari alilazimika kwenda Makerere, Uganda. Chuo cha udaktari kilifunguliwa Dar es Salaam mwaka 1963. Hospitali kubwa zilijengwa mijini. Vijijini, walikoishi wananchi walio wengi, kazi ya tiba iliwaangukia wamisionari na madresa, yaani wenyeji waliofundishwa kufunga vidonda na kugawa dawa. Pasipokuwa na hao, wagonjwa walibaki mikononi mwa waganga wa jadi na wakunga wao.

Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, taifa lilijiuliza: je, tungoje mpaka madaktari watoshe? Daktari husomeshwa kwa miaka mingi na kwa gharama kubwa, na maradhi hayangoji. Ndipo katika miaka ya 1970 mkazo ukatiwa vijijini. Vijana waliomaliza darasa la saba walifundishwa kwa miaka 3, wakawa waganga wasaidizi wa vijijini, wakapelekwa kwenye zahanati. Waliomaliza kidato cha nne walifundishwa utabibu, wakashika vituo vya afya. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya, kwa njia ya redio na vikundi vya masomo, iliwafikia watu wapatao milioni 2, na vyoo vingi vikachimbwa.

Wako waliowabeza watumishi hao kuwa ni nusu daktari. Hoja yao haikukosa msingi: mganga msaidizi asiye na dawa, usafiri wala msimamizi hawezi kufanya mengi. Lakini kosa hapo ni la waliomwacha peke yake. Mama mwenye mtoto anayeharisha usiku haulizi cheo. Ahitaji mtu aliyepo na anayejua la kufanya.

Mwaka 2006 Shirika la Afya Duniani lilihesabu nchi 57 zenye upungufu mkubwa wa watumishi wa afya, na 36 kati yake zilikuwa za Afrika kusini ya Sahara. Mwaka 2007 Tanzania iliazimia kuwa na zahanati katika kila kijiji. Azimio hilo ni jema. Lakini jengo husimama kwa miezi, mganga hupatikana kwa miaka. Tena hakai mahali asipopewa nyumba, mshahara wa kutosha, nafasi ya kujiendeleza na heshima. Hilo la heshima ni jambo la utamaduni, nasi walimu na wanafunzi tunahusika: shuleni twamsifu nani, aliyekwenda mbali au aliyerudi kijijini?

Wahenga walisema yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Lakini asiyejua jeraha lilivyopatikana, ataliganga vipi?