SONONA KWA WANAUME: UNAPIMA MALARIA KUMBE UNAUMWA KINGINE

Leo naandika kuhusu sonona kwa sisi wanaume, maana ilinipata na jina lake sikulijua.

Nilipomaliza kidato cha nne nikakaa nyumbani, kazi hakuna. Usingizi ukapotea, chakula hakipiti, hata mpira wa kibanda umiza sikuutaka tena. Nikaenda zahanati mara mbili nikasema nina malaria. Kipimo hakikuonyesha kitu, nikarudi na Panadol. Mara ya tatu nesi mmoja, mama mtu mzima, akaniuliza: "Mwanangu, na moyoni vipi?" Nikalia palepale.

SONONA NI NINI?
Ni ugonjwa, sio uvivu. Shirika la Afya Duniani (WHO) linaieleza hivi: huzuni, au kukosa hamu ya mambo uliyoyapenda, karibu siku nzima, karibu kila siku, kwa wiki 2 au zaidi. Pamoja nayo kuna kukosa usingizi au kulala mno, kuchoka, kujiona hufai, hata kuwaza kufa. Ukifiwa au ukiachwa lazima uumie, hiyo peke yake sio sonona.

KWA WANAUME INAJIFICHA
Wanaogundulika na sonona wengi ni wanawake. Lakini duniani, wanaume wanaokufa kwa kujiua ni zaidi ya mara mbili ya wanawake. Mwanaume mara nyingi hasemi "nina huzuni". Anakuwa mkali, anakunywa kupita kiasi, anaendesha pikipiki kama hajali kufa, analalamika kichwa na mgongo. Mtaani wanaona mlevi au mkorofi, hawaoni mgonjwa.

KWA NINI HATUENDI HOSPITALI?
1. Tangu wadogo tunaambiwa "jikaze, mwanaume halii".
2. Utani. Ukitaja akili kijiweni tu, utaambiwa upelekwe Mirembe. Hospitali ile ya Dodoma inatibu watu, sisi jina lake tumeligeuza tusi.
3. Wengine wanaamini wamerogwa, wanaanzia kwa mganga.
4. Wataalamu wa afya ya akili ni wachache, na wengi wako mijini.

TIBA IPO
Kuna mazungumzo na mtaalamu, na kuna dawa. Dawa huchukua wiki kadhaa kuonyesha nguvu, usiache bila kumwambia daktari.

Hata pasipo na madaktari wengi inawezekana. Zimbabwe, tangu 2006, Dk. Dixon Chibanda alianza kuwafundisha mabibi wa mtaani. Wanakaa na mgonjwa kwenye benchi nje ya kliniki, wanamsikiliza, wanatafuta naye ufumbuzi wa tatizo moja kwanza. Utafiti uliotoka 2016 ulionyesha kwamba inasaidia. Wao ugonjwa wanauita kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi. Si ndio sisi tunasema "nina mawazo"?

UANZIE WAPI?
Sio lazima ujue neno sonona. Mwambie daktari au nesi: "Silali, sina hamu ya kitu, wiki ya pili sasa." Kama unawaza kujiua, usisubiri kesho. Mwambie mtu mmoja unayemwamini, mwende naye hospitali leo, usikae peke yako.

Mimi sasa nalala usiku. Na wewe ukimwona mshkaji amebadilika, usimwambie ajikaze. Muulize kama yule mama alivyoniuliza mimi.

Nawasilisha.