Picha za Zamani na Majina Yaliyosahauliwa

Mwezi wa Juni mwaka 2007 watafiti waliokuwa wakizunguka katika misitu ya mto Lomami walifika Opala, mji mdogo ulio kando ya mto huo, kusini-magharibi ya Kisangani. Nyumbani kwa mkuu wa shule ya msingi walimkuta tumbili mdogo wa kike aliyefugwa. Uso wake ulikuwa mtupu bila manyoya, na macho yake makubwa yalifanana na ya mtu anayewaza. Hawakupata kumwona tumbili wa namna hiyo, wala katika vitabu vyao hayumo. Wakampiga picha, kisha wakauliza ni mnyama gani. Mwalimu yule akawajibu kwamba ni lesula, na kwamba wawindaji wa upande ule wanamjua sana.

Uchunguzi ulichukua miaka mitano. Mwezi wa Septemba mwaka 2012 John Hart, mkewe Terese na wenzao wakatangaza kwamba huyo ni tumbili ambaye wataalamu hawakumjua kabla. Wakampa jina la Kilatini, Cercopithecus lomamiensis, yaani wa Lomami. Lakini lile jina alilolitaja mwalimu wa Opala halikupotea. Mpaka leo, hata London na New York, mnyama huyu aitwa lesula.

Labda mtu atauliza: habari za tumbili zatuhusu nini sisi Wakristo wa parokia? Zatuhusu, kwa maana zatufundisha mambo mawili juu ya picha. Kwanza, picha iliyopigwa uani yaweza kuwa ushahidi wa jambo kubwa. Pili, picha ile ilipata maana kwa sababu alikuwako mwenyeji wa kutaja jina. Kama mwalimu angalikuwa hayupo siku ile, wageni wangaliondoka na picha ya mnyama asiye na jina.

Basi leo twataka kusema juu ya picha zetu wenyewe, hasa zile zinazoitwa slaidi.

Wazee wanazikumbuka. Slaidi ni kipande kidogo cha filamu kilichotiwa katika fremu ya karatasi ngumu au ya plastiki. Ukikishika mkononi na kukielekeza juani, waona watu wadogo mno. Ukikitia katika mashine yenye taa kali, watu wale watokea ukutani, warefu kama walivyo, na rangi zao zote. Katika miaka ya 1950 na 1960 mapadre wengi, masista na walimu walipiga picha hizo. Hawakuwa mafundi wa kazi hiyo, wala hawakulipwa. Walijaribu tu, wakakosea, wakajaribu tena. Walipiga ubatizo, harusi, shule mpya, mitumbwi mtoni, na watoto wakicheka mbele ya kanisa.

Tena filamu yenyewe ilianza kwa majaribio ya watu wasio mafundi. Huko Marekani walikuwako vijana wawili, Leopold Mannes na Leopold Godowsky. Mmoja alikuwa mpiga piano, wa pili mpiga fidla. Tangu walipokuwa wanafunzi walichukizwa na sinema za rangi za siku zile, kwa kuwa rangi zake zilikuwa mbaya. Wakaanza kuchanganya dawa nyumbani mwa wazazi wao, bafuni na jikoni. Katika giza hawakuweza kuitazama saa, basi wakapima muda kwa kupiga mluzi wa muziki wa Brahms, kwa sababu waliujua mwendo wake barabara. Mwaka 1930 kampuni ya Kodak ikawaita wafanye kazi katika maabara yake mjini Rochester. Mwaka 1935 filamu yao ikatoka, nayo ikaitwa Kodachrome. Mwaka uliofuata ikatengenezwa kwa ajili ya slaidi.

Kodachrome ilikuwa na shida moja kwa watu wa mbali. Rangi hazikuwamo ndani ya filamu. Zilitiwa baadaye, wakati wa kuisafisha, na kazi hiyo haikuwezekana nyumbani. Basi aliyepiga picha katika misitu yetu alilazimika kuituma filamu kwa posta nchi za ng'ambo, kisha akangoja. Mwaka 1946 ikatokea filamu nyingine, Ektachrome, ambayo mtu mwenye dawa na uvumilivu aliweza kuisafisha mwenyewe. Lakini nayo ilikuwa na udhaifu wake, kama tutakavyoona.

Kusafisha picha katika nchi ya joto kulikuwa na mashaka hata kabla ya slaidi. Picha hukaa juu ya utando wa gelatini, ambayo hupatikana kwa kuchemsha ngozi na mifupa ya wanyama. Maji yakiwa ya moto mno, utando hulainika na kuteleza. Hata hivyo walikuwako watu waliofanya kazi hiyo. Herbert Lang, aliyetumwa na makumbusho ya New York pamoja na kijana James Chapin, alikaa Kongo tangu mwaka 1909 mpaka 1915. Walipitia Stanleyville, ndiyo Kisangani ya leo, wakaenda hata nchi ya Wamangbetu. Lang alipiga karibu picha elfu kumi, akazisafisha hukohuko porini. Miongoni mwake zimo picha za mtawala Okondo, ambaye jina lake lajulikana mpaka leo kwa kuwa liliandikwa. Lakini wachukuzi waliobeba mizigo yote ile vichwani, mamia kwa mamia, ni wangapi tunaowajua kwa majina?

Kuna picha nyingine ya Kongo iliyo ya zamani zaidi, nayo ni ya huzuni. Tarehe 14 Mei mwaka 1904, huko Baringa, kando ya mto Maringa, mwanamke Mprotestanti aliyeitwa Alice Seeley Harris alimpiga picha mtu mmoja ameketi barazani. Mbele yake mna mkono mdogo na mguu mdogo, ndivyo vitu pekee vilivyobaki vya mwanawe, aliyeuawa na askari wa kampuni ya mpira. Picha hizo zilitiwa katika vioo, zikaonyeshwa kwa taa makanisani na katika kumbi za Uingereza na Marekani. Watu wakaona kwa macho yao mambo ambayo watumishi wa mfalme Leopold wa Pili walikuwa wakiyakana. Mwaka 1908 mfalme akanyang'anywa Kongo. Wengi walishiriki katika kazi hiyo, lakini vioo vile vilikuwa na sehemu yao. Na jambo la kuangalia ni hili: yule mama aliandika majina. Baba aliitwa Nsala, na mtoto aliitwa Boali. Kwa ajili ya majina hayo, msiba wao haukugeuka kuwa mfano tu wa mateso. Umebaki msiba wa baba fulani na binti fulani.

Sasa turudi kwenye slaidi. Adui zake ni wengi. Wa kwanza ni kuvu, ambayo hupenda unyevu wa misitu yetu na kula gelatini kama chakula. Wa pili ni nuru. Kodachrome hudumu sana ikikaa gizani, lakini ikionyeshwa mara nyingi kwa taa kali hufifia upesi. Ektachrome za zamani huharibika hata zikiwa sandukuni: rangi ya samawati hutoweka kwanza, picha yote ikawa nyekundu kama vumbi la barabarani. Adui wa tatu ni vita. Mwaka 1964, wakati wa maasi ya Wasimba, misheni nyingi za mashariki ya Kongo zilishambuliwa, na mapadre, masista na walei wengi wakauawa. Mwenye heri Anuarite Nengapeta aliuawa Isiro tarehe 1 Desemba mwaka huo. Pamoja na watu, vitabu na makaratasi mengi yalipotea. Ndiyo sababu picha nyingi za parokia zetu zaonekana leo Ulaya tu, ambako zilitumwa kwa jamaa na kwa mashirika. Nyumba ya KADOC, katika mji wa Leuven nchini Ubelgiji, yahifadhi nyaraka na picha za mashirika mengi ya wamisionari.

Siku hizi picha hizo zaweza kutengenezwa kwa kompyuta, wala kazi hiyo haihitaji mtu wa chuo kikuu. Kwanza slaidi husafishwa kwa brashi laini na hewa, si kwa maji wala kwa mate. Kisha huwekwa katika mashine iitwayo skana, ambayo huisoma nuru ipitayo katika filamu na kuigeuza kuwa namba. Skana nzuri hupitisha pia nuru isiyoonekana kwa macho. Nuru hiyo hupita katika rangi bila kuzuiwa, lakini vumbi na mikwaruzo huizuia. Hivyo kompyuta hujua lililo vumbi na lililo picha, ikajaza pengo kwa kufuata sehemu zilizo kando. Kwa Kodachrome njia hii huhitaji uangalifu, maana filamu yenyewe huweza kuizuia kidogo nuru hiyo, na mashine ikadhani ni uchafu. Mwisho rangi hupimwa upya: nyekundu iliyozidi hupunguzwa, samawati iliyokufa huongezwa, mpaka kanzu ya padre iwe nyeupe tena na majani yawe mabichi.

Lakini hapa twapaswa kujihadhari. Kompyuta za leo zaweza kuchora hata kisichokuwako. Uso ulioliwa na kuvu waweza kupewa macho mapya na midomo mipya, nao ukapendeza, kumbe si uso wa yule mtu. Amri ya nane yakataza ushuhuda wa uongo, na picha ni shahidi. Kwa hiyo yafaa kuitunza slaidi yenyewe baada ya kuisoma kwa mashine, na kuiweka nakala ya kwanza kama ilivyo, na madoa yake yote. Ile iliyopambwa iwekwe kando, na iandikwe kwamba imetengenezwa.

Tena kuna jambo ambalo hakuna mashine iliwezayo. Rangi yaweza kurudi. Jina halirudi kwa kompyuta. Tazameni maandishi yaliyo juu ya fremu za slaidi za misheni. Mara nyingi jina la Mzungu limeandikwa, na la padre mgeni, na la askofu aliyepita. Lakini wengine waitwa “mkatekista,” “mama na mtoto,” “watoto wa shule.” Mkatekista yule ndiye aliyetembea kwa miguu kijiji hata kijiji, akafundisha sala kabla padre hajafika. Mama yule ndiye bibi yetu. Aliyepiga picha hakuwa na nia mbaya. Labda alidhani atakumbuka, au alidhani wale wa nyumbani kwake hawatauliza. Lakini sisi twauliza.

Wale watoto wa shule wa mwaka 1958, walio hai, sasa ni wazee wenye miaka zaidi ya 70. Wao peke yao waweza kusema: huyu wa kushoto ni fulani, alikuwa ndugu yangu, alikufa maji, huyu aliyeshika ngoma alikuja kuwa mwalimu. Kila mazishi ya mzee mmoja huondoa majina kumi au ishirini. Slaidi yaweza kungoja mashine miaka mingine kumi sandukuni. Mzee hawezi kungoja.

Basi, ndugu wapenzi, msianze na kompyuta. Anzeni na daftari. Baada ya Misa ya Dominika, wakusanyeni wazee, leteni picha zilizopo, hata zilizo nyekundu, hata zilizoliwa nusu. Zipeni kila moja namba. Waulizeni: nani, wapi, mwaka gani. Kijana mmoja aandike, na mwingine asome tena kwa sauti ili wazee wasahihishe. Pasipo hakika, andikeni “yasemekana.” Nakala moja ya daftari ikae parokiani, moja iende jimboni, na moja ikae nyumbani kwa mtu mwaminifu.

Twajua kwamba Mchungaji Mwema huwaita kondoo wake kwa majina. Yeye hakumsahau mtu hata mmoja katika picha zile. Lakini sisi, tulioachiwa picha, twadaiwa tujitahidi kufanya vivyo hivyo kadiri tuwezavyo. Kwa ajili ya mwalimu mmoja wa Opala, ulimwengu wote walijua jina la tumbili. Itakuwa aibu kwetu tukiyaacha majina ya babu zetu yapotee.