Ushindani wa Sanaa na Mabadiliko ya Utamaduni: Kutoka Florence hadi Ngoma ya Beni, na Funzo kwa Nakivale

Historia ya Mwamko wa Sanaa barani Ulaya haielezeki bila ushindani. Mwaka 1401, chama cha wafanyabiashara wa nguo cha Calimala mjini Florence kiliitisha shindano la kutengeneza milango ya shaba ya jengo la ubatizo. Lorenzo Ghiberti alishinda. Filippo Brunelleschi, aliyeshindwa, aligeukia usanifu majengo, na kati ya 1420 na 1436 alisimamia ujenzi wa kuba la kanisa kuu la mji huo. Shindano hilo, basi, lilizaa matunda pande zote mbili.

Afrika Mashariki ina mfano wake: ngoma ya beni, iliyochipuka katika pwani ya Kenya miaka ya 1890 kwa kuiga bendi za kijeshi za Wazungu. Tanganyika ilijulikana kwa vyama viwili vikuu, Marini na Arinoti. Kila kimoja kilishona sare, kikagawa vyeo vya kijeshi na kutunga nyimbo za kumkejeli mpinzani. Katika Vita Kuu ya Kwanza, askari na wapagazi waliieneza beni bara, na baadaye ikafika Nyasaland, Rhodesia ya Kaskazini na Katanga.

Jambo la msingi ni kwamba wanachama hawakugawanywa kwa makabila. Marini iliwavuta zaidi waliojihesabu watu wa hadhi, na Arinoti iliwavuta vibarua. Hivyo matabaka hayakutoweka. Hata hivyo, mgeni aliyefika mji asiokuwa na jamaa alipokelewa na wenzake wa chama, wakamuuguza akiugua na kumzika akifa. Aidha, kila chama kilimhitaji mpinzani wake, kwa kuwa pasipo wa kushindana naye sare na nyimbo zingekosa maana.

Watawala wa kikoloni waliziona sare na vyeo, wakashuku njama. Baada ya mgomo wa wachimba migodi wa Rhodesia ya Kaskazini mwaka 1935, tume ya uchunguzi ilijadili pia nafasi ya chama cha Mbeni. Mtazamo huo uliufunika upande wa pili wa vyama hivyo: usaidianaji wa watu waliotoka mbali na kwao.

Suala hilo lina uzito katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro, yaliyoanzishwa mwaka 1958. Watu kutoka Kongo, Burundi, Rwanda, Somalia na Ethiopia hukutana Base Camp na katika barabara ya kwenda Mbarara. Mashindano ya ngoma yakipangwa kwa nchi za asili, kila ushindi utakuwa wa taifa moja dhidi ya jingine, na mipaka iliyowafukuza watu itarejeshwa jukwaani. Yakipangwa kwa mtaa au kwa aina ya sanaa, mpinzani atakuwa jirani, na kikundi kitachanganya lugha.

Kwa hiyo, mshauri wa sera anapaswa kuuliza maswali mawili kabla ya kutenga fedha za utamaduni: nani anaruhusiwa kujiunga na kikundi, na kikundi kinamfanyia nini mwanachama wake siku ambayo hakuna ngoma? Historia ya beni inaonyesha kwamba majibu ya maswali hayo ndiyo yanayoamua kama ushindani utajenga jamii au utaigawa.